Jirani Amekatwa Mguu

Cleophas Shivachi wa Malinya alikuwa mtega fuko. Kazi hiyo haina ofisi wala sare. Mtu mwenye viazi vitamu au mihogo huamka akakuta vichuguu vya udongo mbichi shambani, akivuta shina anakuta mizizi imeliwa, basi anamwita Cleophas. Cleophas huja na fito, waya na jembe dogo, hulala kifudifudi, hunusa shimo, hutega, kisha hurudi kesho yake. Malipo ni kwa mkia. Asipoleta mkia halipwi, hata kama fuko amehamia kaunti nyingine.

Hakuwa mtu wa maneno. Watoto walikuwa wameshaondoka wote, na Mitchel, kifungua mimba wao, aliolewa Kitale. Nyumbani walibaki watu wawili waliokwisha kuambiana yote. Mkewe, Ayuma, alimwuliza, "Umeshiba?" Yeye akajibu, "Nimeshiba." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya jioni. Ugomvi haukuwapo. Ni habari mpya tu ndizo zilizokosekana.

Maneno yaliyosalia Ayuma aliyatumia kwa paka. Paka huyo, jike la rangi ya majivu na kifua cheupe, alizaliwa ng'ambo ya ua, kwa mzee Osiako aliyeishi peke yake. Alipenya ua akaja kunywa maziwa kwa Ayuma, akarudi kwao, akaja tena. Ayuma akawa anasema, "Paka wa jirani amekuja." Baadaye alichoka kuyasema yote, akabakiza Jirani. Jina likakaa. "Jirani amelala juu ya unga," Ayuma angesema, na Cleophas hakushtuka.

Yeye na paka hawakuwa na uhusiano. Kwake paka alikuwa mshindani, maana mara mojamoja alikamata fuko bila waya wala fito, akamlaza mlangoni. Mara ya kwanza Cleophas aliukata ule mkia, akaupeleka kwa mwenye shamba, akalipwa. Ayuma alisema huo ni wizi. Cleophas alisema paka hana mfuko.

Mvua za masika zilipokolea mwaka huo, fuko waliingia kwenye viazi vya Osiako. Cleophas akatega. Alipokwenda kukagua asubuhi, aliona ufito mmoja umefyatuka na kusimama wima. Waya ulikuwa umekaza barabara, ila haukumkaza fuko. Uliushika mguu wa mbele wa kushoto wa Jirani. Paka alikuwa ameutia shimoni kutafuta kilekile alichokitafuta Cleophas. Alikuwa amelowa chepechepe. Hakulia. Alimtazama Cleophas jinsi watu wanavyomtazama karani aliyechelewa kufungua dirisha.

Cleophas alipiga magoti akakata waya kwa koleo. Paka akamng'ata kidole gumba na hakukiachia. Wakaenda hivyo mpaka nyumbani, paka ndani ya koti, kidole ndani ya paka.

Ayuma alikuwa anapepeta maharagwe. Aliliona koti, kisha akaona damu na kipande cha waya kikining'inia.

"Huo mtego ni wa nani?"

"Mama Mitchel, mimi nili..."

"Nimeuliza mtego ni wa nani."

"Wangu."

Ayuma akaweka ungo chini. Alichemsha maji ya chumvi akamwosha paka mguu. Cleophas alijiosha kidole mwenyewe.

Siku zilizofuata mguu ulivimba, halafu ukapoa kama kitu kisicho cha mwili ule, halafu ukaanza kunuka. Ayuma alisema neno moja tu.

"Utampeleka."

Daktari Cheruiyot alitibu mifugo katika chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo, pale sokoni. Siku hiyo alikuwa akimshona fahali aliyetobolewa ubavu kwenye mapigano ya mafahali ya Jumamosi. Ua ulijaa wenye mafahali, wanaume wazito wenye fimbo, kila mmoja akieleza jinsi fahali wake alivyoonewa. Cleophas alisimama nyuma yao na kikapu chake.

"Umebeba nini, ingokho?" mmoja akamwuliza, maana hivyo ndivyo kuku anavyobebwa.

"Paka."

"Kwani alipigana na nani?"

"Na mimi," akasema Cleophas.

Wale wanaume wakamtazama, wakatazama kidole chake kilichofungwa kitambaa, na hakuna aliyecheka. Walimsogeza mbele.

Cheruiyot alinawa mikono, akamtoa paka kikapuni, akaubonyeza mguu hapa na pale. Paka hata hakugeuka.

"Huu umekufa," alisema. "Tukiuacha, mwenyewe ataufuata."

"Basi kata hapo waya ulipobana."

"Hapana. Nikimwachia kipande atakuwa anakikanyagia, na kidonda hakitafunga. Tunautoa wote, kuanzia begani."

Cleophas akafikiri. "Daktari, ushawahi kumkata paka?"

"Mbwa nimekata, mbuzi nimekata. Paka nilikata mmoja, nikiwa Kapsabet."

"Alipona?"

"Alipona akahama."

Cleophas akaridhika. Paka alidungwa sindano ya usingizi, akalegea kama kitambaa, na Cheruiyot akamwomba Cleophas ashike kichwa. Cleophas, ambaye mikono yake ilikwisha kuua fuko wa vilima vyote vya Ikolomani, alishika vizuri mpaka aliposikia sauti ya mkasi. Hapo akakaa chini bila kuambiwa. Mwenye fahali mmoja aliingia akashika kichwa badala yake, na daktari akaendelea na kazi kana kwamba hivyo ndivyo ilivyopangwa.

Cleophas alipofika nyumbani na paka mwenye nyuzi begani na chupa ya dawa, Ayuma alikuwa amefunga mkoba. Gentrix, mpwa wake aliyeolewa Butali, alikuwa amejifungua mapacha, na mumewe alikuwa kwenye zamu za kiwandani. Lazima mtu aende. Ayuma alimwinamia Jirani kikapuni, akakaa hivyo kitambo, kisha akamgeukia mumewe.

"Dawa ni asubuhi na jioni. Asilambe hizo nyuzi. Na nisirudi nikute amekufa, Baba Mitchel."

Akapanda boda, akaenda.

Kwa hiyo mtega fuko alibaki na paka. Ili asilambe nyuzi, alichukua mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, akaukata kitako na shingo, akamvisha kama kola. Jirani aliona amekamatwa tena. Akaamua kutoka ndani ya mtungi kwa kurudi nyuma. Alienda kinyumenyume, akianguka na kuinuka, mpaka makalio yakafika ukutani, akasimama pale kama anayengoja ukuta upishe.

Hakula. Cleophas alimpa maziwa, akampa yai, akampa omena, dagaa wa ziwani, aliowachagua wakubwawakubwa. Akaacha hata kwenda kukagua mitego. Mwishowe alilala kifudifudi mbele ya kikapu, kama anavyolala mbele ya shimo la fuko, akanyoosha omena mmoja kwa vidole.

"Kula," alisema.

Paka akatazama pembeni.

"Kula, mama."

Hakuna aliyekuwa amemsikia Cleophas akimwita mnyama mama, na hata siku hiyo hakuna aliyemsikia. Paka alinusa kitambaa cha kidole gumba, akakilamba kwanza, halafu akamchukua omena.

Jioni Ayuma alipiga simu. "Jirani amekula?"

"Amekula."

"Nini?"

"Omena."

Zamani simu ingeishia hapo. Lakini Ayuma akauliza ni omena wangapi, wa kukaanga au wabichi, na alikojoa wapi, na rangi gani, na Cleophas akajikuta anajibu. Kesho yake alikuwa na mengi zaidi ya kueleza. Keshokutwa alipiga yeye.

Basi hapo katikati kukatokea jambo. Ayuma alimpigia Winrose, mwenyekiti wa kikundi chao cha akina mama, kumwambia hatafika mkutanoni kwa ajili ya mapacha. "Na huko nyumbani nako mambo ni mabaya," alisema. "Jirani amekatwa mguu. Alinaswa na mtego wa Baba Mitchel." Mtandao ukakatika. Winrose alikuwa mtu wa kijiji cha pili na hakuwa amewahi kufika kwa Ayuma, lakini alijua jirani yao ni mzee Osiako, mtu mzima asiye na mke wa kumpikia. Alilia kidogo, kisha akawaita wenzake.

Walifika kwa Osiako wakiwa wamebeba sukari, mikate na kuku wawili. Osiako alikuwa kitandani na homa ya mafua, blanketi mpaka kidevuni.

"Pole sana, mzee," alisema Winrose. "Tumesikia."

"Asanteni," alisema Osiako. Kweli alikuwa mgonjwa.

Waliimba, wakaomba. Mmoja alimwomba Mungu ampe nguvu ya kutembea tena, na Osiako, aliyekuwa na siku kadhaa hajatoka kitandani, akasema amina kwa sauti. Mwingine alisema Cleophas asamehewe, hakukusudia. Osiako hakujua Cleophas amefanya nini, lakini alikuwa tayari kumsamehe. Wakaondoka bila kuliinua blanketi, kwa heshima.

Mafua yalipopungua, Osiako alivuka ua na pakiti ya sukari na mkate mmoja. Alimkuta Cleophas amekaa mlangoni na paka mapajani.

"Nimefikiri sana," alisema Osiako, akitazama bega lisilo na mguu. "Naona hii ilikuwa yake."

"Na kuku?"

"Kuku nimekula."

Walichemsha chai. Paka hanywi chai, kwa hiyo waliinywa wao.

Winrose alikuja kuujua ukweli Jumapili, alipomwona Osiako akiingia kanisani kwa miguu yake miwili. Kwa muda mfupi sana alidhani ni muujiza. Halafu akaulizauliza, akaambiwa. Hakudai kuku. Alisema tu kwamba maombi hayapotei, yatamfikia yanayemhusu.

Na Jirani alikuwa anapona. Nyuzi zilitolewa, kola ya mtungi ikatupwa, akaanza kujifunza kutembea. Mwanzoni alitoa mguu usiokuwapo na kuangukia kidevu. Akainuka, akatazama huku na huku kuona nani amemsukuma. Kisha akavumbua mwendo wake, mruko mfupi mmoja, kituo, mruko tena, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Kupanda kiti aliweza. Kushuka ndiko kulikomshinda, maana uzito wote ulitua kwenye mguu mmoja wa mbele. Cleophas alipigilia kisanduku akakiweka kando ya kiti kiwe ngazi, na akatandika gunia chini yake.

Choo kilikuwa shida nyingine. Paka alichimba kwa mguu mmoja, akaelemewa, akaanguka ndani ya shimo lake mwenyewe. Cleophas alichukua jembe lake la fuko akawa anamchimbia kwenye jivu nyuma ya migomba, kisha anageuka upande kumpa faragha, kisha anafukia.

Lakini lililomgusa zaidi lilikuwa la uso. Kila baada ya kula, Jirani alilamba mguu wa kulia akajifuta upande wa kulia, vizuri kabisa. Halafu aliinamisha kichwa kushoto, akafumba macho, na bega tupu likawa linatikisika. Hakuna kilichokuja. Alingoja, bega likatikisika tena, kisha akaacha. Upande wa kushoto wa uso ukawa na gamba la omena. Cleophas alilitazama bega lile likifanya kazi bila mguu. Alikwenda kulowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu. Alimfuta kuanzia sikio kushuka shavuni, pole pole. Paka akaanza kukoroma.

Mteja mmoja alimkuta hivyo, amekuja kumwita shambani.

"Cleophas, unafanya nini?"

"Huku hafikii," alijibu, akaendelea.

Alirudi kwenye mitego, maana fuko hawakungoja. Ila sasa kila alipotega alirundika matawi ya miiba juu ya shimo na kuacha upenyo wa fito tu, na kabla ya kutega alimwuliza mwenye shamba kama ana paka. Wengi walidhani anataka kupewa paka. Wawili walimletea.

Ayuma alirudi kutoka Butali mapacha waliposhika kunyonya vizuri. Alishuka boda akamkuta mumewe kwenye ngazi ya mlango, kitambaa mkononi, na Jirani amemwinamishia kichwa. Paka alimtazama Ayuma, akamtambua, akabaki alipo.

Ayuma alitua mkoba.

"Wewe unafutanga vibaya," alisema. "Unarudisha manyoya nyuma."

"Nafuta anavyofuta yeye."

"Yeye anazungusha. Lete hapa."

"Mama Mitchel, huyu nimemfuta tangu uende."

"Na ndiyo maana sikio ni chafu. Angalia hili sikio!"

"Hilo ni jivu. Alikuwa nyuma ya migomba."

"Nyuma ya migomba akifanya nini peke yake?"

"Hakuwa peke yake, nilikuwa naye."

"Na ulikuwa unafanya nini huko?"

Cleophas akaanza kueleza habari ya shimo, na ya jivu, na ya kugeuka upande, na Ayuma akampinga kila mahali. Ikabidi arudi mwanzo, siku ya mtungi wa mafuta. Osiako alikuwa ng'ambo ya ua akipalilia viazi. Alisikiliza mpaka jembe likamchoka mkononi, akaenda zake ndani kusonga obusuma, ugali wake wa jioni, na alipotoka kumwaga maji walikuwa bado wanaendelea.