Sema Ulichogusa

Mwanangu, kuna siku moja ya Koboko ambayo bado inanikasirisha, na mwenye kosa siku hiyo ni mimi. Nakwambia mapema ili usitafute mwingine wa kulaumu.

Nilikuwa kijana, karani wa wakala wa forodha pale mpakani Oraba. Tajiri wangu alinipa tableti yake ya zamani. Mama alipougua nyumbani Ludara, nilimrekodi kwa tableti hiyo. Aliongea Kikakwa, lugha yetu, polepole, akipumzika katikati. Alitaja kila mtoto wake kwa jina na kumwachia neno, akamalizia na kaka yake, yaani mjomba wangu. Walikuwa wamenuniana miaka mingi. Akaagiza sauti ile ichezwe siku ya maombi ya mwisho ya msiba wake, watu wote wakiwa wamekaa. Kisha akafa.

Wiki mbili kabla ya maombi, tableti ikawa nzito kufunguka. Mwenzangu kazini alinionyesha njia: shika kitufe cha sauti pamoja na cha kuwashia, utaingia kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayoiambia mashine iwake vipi. Nikaingia. Nikabadilisha, nikahifadhi, bila kuandika popote jinsi ilivyokuwa. Nilipoiwasha tena ilileta nembo tu, halafu giza.

Nikaipeleka kwa fundi wa sokoni Koboko.

"Ndugu, hii iko na shida gani?"

"Ilizima yenyewe."

"Hakuna mtu aligusa mipangilio?"

"Mimi najua wapi mambo hayo? Ilizima yenyewe, nakwambia."

Akacheka. "Kila kitu kwa hii meza ilizima yenyewe. Hata redio ya juzi, iliyojaa chai."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Sisi wote huku tunasema hivyo kwa fundi, kana kwamba anatuhukumu.

"Basi programu imekufa," akasema. "Nitaweka mpya."

Shule yangu ilikuwa ndogo. Nilidhani programu mpya inakaa juu ya vitu vya zamani. Sikumwambia kuna sauti ya mama ndani. Niliporudi, tableti iliwaka, safi kama ya dukani. Mama hakuwemo.

Nilipiga meza yake mpaka bisibisi zikaruka. Nilimwita mwizi wa wafu mbele ya soko zima. Yeye akaziokota moja moja.

Mjomba aliposikia, alinisindikiza mjini Arua kwa fundi mwingine, mwanamke mmoja mwenye sauti ya chini. Naye aliuliza ilianzaje. Mjomba alikuwa ananitazama. Hapo ndipo nikasema kweli.

"Ungesema hivi kule Koboko," fundi huyo akaniambia, "ilikuwa kazi ya dakika tano. Unachomeka kibodi, unaingia palepale, unarudisha mipangilio ya mwanzo. Sauti haiguswi. Sasa imefutwa, na programu mpya imeandikwa juu yake."

Akajaribu siku mbili. Hakupata kitu.

Mjomba hakupandisha sauti. "Ulitukana mtu kwa uongo wako mwenyewe. Kesho tunarudi Koboko. Utamwomba msamaha kwa sauti ileile, soko lisikie."

Nikafanya hivyo. Fundi alinijibu neno moja tu: "Haya." Heri angenipiga.

Siku ya maombi ilipofika, nilisimama nikawaeleza watu wote. Mjomba akauliza, "Mimi aliniambia nini?" Nilikumbuka mwanzo tu: kwamba alimwita kwa jina la utotoni, na kwamba hana tena kinyongo. Yaliyofuata sikuyakumbuka, wala sikumtungia. Akainamisha kichwa. Naye baadaye alikufa bila kuyasikia.

Ndiyo maana nikikusikia unamwambia fundi, au daktari, au mwalimu, "ilitokea yenyewe," damu inanichemka. Kabla ya kubadilisha kitu, andika kilivyokuwa. Kitu cha thamani, kiweke mahali pawili. Na ukiharibu, sema ulichogusa, siku ileile, kwa yule anayeshika bisibisi, hata watu wakicheka. Kicheko chao hakikunidhuru kitu. Uongo wangu ulifuta sauti ya mama.

Nenda sasa. Mungu akupe ulimi unaoitangulia aibu, na wale unaowapenda uwasikie wakiwa bado wanaongea.