Magitaa Nane na Beti Sita

Sebule yao ilikuwa na viti vitano na magitaa nane. Mgeni akija, mume aliliondoa gitaa kitini kama mtu anayemwondoa paka, akasema, "Karibu, keti. Huyu hang'ati."

Mwenye magitaa alikuwa mke. Umri wake hamsini na tatu, kazi yake kukata lenzi katika duka la miwani, na mtaa mzima ulimwita Mama Miwani. Kutwa aliketi nyuma ya duka, kwenye chumba chenye upana wa meza mbili, akisaga kingo za lenzi mpaka ziingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Lenzi ikizidi kidogo, fremu hupasuka. Ikipungua kidogo, hucheza, na mwenye miwani akajiona yuko ndani ya chombo kinachoyumba. Kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kumpasulia mtu fremu. Mikono yake ilikuwa na subira kuliko ulimi wake, na watu walidhani kwa mikono ile gitaa lingekuwa mchezo.

Halikuwa. Alijua kuanza nyimbo ishirini na tisa. Kumaliza, hakujua hata mmoja.

Utotoni mambo yalikuwa kinyume. Yeye na kaka yake walikuwa na gitaa moja, kuukuu, lenye nyuzi nne za kwake na mbili zilizotokana na waya wa breki ya baiskeli. Kaka ndiye alipiga. Yeye alilipata kaka anapokula, na kaka alikula haraka. Lakini katika dakika zile chache alijifunza nyimbo nzima, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kufanya nalo ila kulipiga. Kisha akaolewa, watoto wakaja mmoja baada ya mwingine, na kwa miaka ishirini na mitano hakugusa uzi.

Kitinda mimba alipopata kazi na kuhama, mama alipokea mshahara wake wa dukani, akautazama, akaona kwa mara ya kwanza kwamba haukuwa na mtu anayeungojea mlangoni. Akanunua gitaa. Baada ya miezi mitatu akanunua la pili, maana la kwanza lilikuwa na shingo nene. La tatu lilikuwa la umeme. La nne lilikuwa bluu. Sababu nyingine hakutoa. Yakafuata mengine, na pedali za kubadilisha sauti, na droo nzima ya nyuzi mpya zilizo kwenye pakiti zake.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakukosa la kusema. "Magitaa nane ukigawia mtu mmoja, anapata nane. Mtu mmoja ukimgawia magitaa nane, hakuna linalopata hata robo yake."

"Na wewe una kalamu ngapi mfukoni, mwalimu?"

"Nne. Lakini zote zinaandika."

Mke akaliondoa gitaa lingine kitini ili aketi.

Siku moja, saa za mchana, wifi yake aliingia dukani, mke wa kaka yake yule yule wa gitaa la breki. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mfupi mwenye kicheko kirefu. Alipita moja kwa moja mpaka nyuma, akavuta kigoda.

"Wifi, sikuja kwa ajili ya macho. Macho yangu mazima. Namwona kaka yako kila siku na bado nampenda."

Mama Miwani alicheka, akazima mashine.

"Jumapili ya tatu kuanzia hii tunatimiza miaka thelathini na mitano ya ndoa. Watoto wanataka kutufanyia karamu uani. Mimi nimemwomba mwenzangu kitu kimoja tu. Aniimbie ule wimbo."

"Wa sindano?"

"Wa sindano."

"Akasemaje?"

"Alininunia siku mbili. Jana usiku ananigeukia, anasema: nitaimba, lakini apige dada. Asipopiga dada, sifungui mdomo." Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni. "Ni miaka ishirini na miwili sijausikia, wifi yangu. Usiniangushe."

Wimbo wa sindano kaka aliutunga mwenyewe, enzi za useremala wake mchanga, alipokuwa akipita kila jioni chini ya dirisha la msichana mshonaji. Ulikuwa na beti sita, na ulianza hivi:

*Dirishani ulikaa, na sindano mkononi,*
*Mara ukanishangaa, ikakuchoma jamani.*

Msichana alikana mashtaka hayo tangu siku ya kwanza. Alisema alikuwa akitazama kuku. Hata hivyo aliolewa na wimbo ule, na kila mwaka aliimbiwa, mpaka siku msumeno wa mashine ulipochukua vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa seremala. Vilibaki gumba na cha shahada. Aliendelea na useremala, maana ubao hauhitaji vidole kumi. Gitaa alimpa jirani. Wimbo aliuacha humo humo ndani ya gitaa, na mkono ule akaufanya mkaazi wa mfuko wa suruali.

Basi Mama Miwani akarudi nyumbani na wiki tatu mkononi.

Wiki ya kwanza aliitumia kuchagua gitaa. La bluu lilikuwa na sauti kali mno kwa wimbo wa mapenzi. La shingo nene liliumiza kifundo cha mkono. Jingine lilikuwa zuri ukiliunganisha na spika, lakini spika ilihitaji pedali, na pedali ilihitaji waya ambao haukuonekana. Jioni nzima walitafuta waya, yeye na mumewe, wakiwa wamepiga magoti.

"Mke wangu, kaka yako alipotunga wimbo huu alikuwa na pedali?"

"Hakuwa hata na viatu."

"Nilikuwa nauliza tu."

Wiki ya pili alianza kutazama walimu kwenye simu. Wa kwanza alisema kidole gumba kikae nyuma ya shingo. Wa pili alisema anayeweka gumba nyuma ya shingo hatafika popote. Wa tatu alikuwa anauza gitaa. Kufikia Alhamisi alikuwa anapiga ubeti wa kwanza kwa namna tano, na ubeti wa pili hakuufikia kwa namna yoyote.

Ijumaa aliingia mteja dukani, bwana mmoja mwenye haraka, akataka fremu. Alijaribu hii, akajaribu ile, akarudia ya kwanza, akaomba za kabatini. Baada ya fremu thelathini na kitu alikuwa amechanganyikiwa hata uso wake mwenyewe ukawa unamshangaza kwenye kioo. Mama Miwani alitoka nyuma kama alivyozoea. Akazizoa zote, akaacha tatu mezani, akasema, "Baba, nyingine zimekwisha." Bwana akachagua moja palepale, akaondoka anapiga mluzi.

Mpima macho, binti aliyefanya naye kazi kwa miaka sita na aliyekuwa amesikia kila kitu kuhusu karamu ile, alimtazama juu ya miwani yake. "Mama, wewe ungekuwa mteja wako, ungejifanyaje?"

"Ningejifukuza."

"Basi si ujifukuze?"

Jioni ile alimkabidhi mumewe magitaa saba, pedali zote na simu. Mwalimu aliyafungia stoo, akatia ufunguo mfukoni penye kalamu. Lililobaki lilikuwa la kahawia, la pili kununuliwa, lisilo na sifa yoyote ila kwamba lilikuwa karibu na mkono.

Lo! Siku mbili za mwanzo zilimkera. Alilia njaa ya la bluu kama mtu aliyeacha sukari. Siku ya tatu akaingia ubeti wa pili. Ya tano, wa nne. Ncha za vidole zilikuwa ngumu, na dukani akaona lenzi zinateleza. Alipika huku anahesabu mapigo kwa mwiko. Ijumaa iliyotangulia karamu, mwalimu akiwa anasahihisha daftari, alisikia wimbo ukianza, ukapita pale ulipozoea kukwama, ukaenda, ukaenda, ukafika mwisho. Akaweka kalamu chini.

"Rudia," alisema. "Huenda ilikuwa bahati."

Akarudia. Haikuwa bahati. Wakacheka wote wawili, na mwalimu akampa alama mia kwa mia, jambo ambalo wanafunzi wake wangeliapia kuwa haliwezekani.

Laiti angeishia hapo.

Jumapili asubuhi, nguo zimeshapigwa pasi, aliliangalia gitaa la kahawia akaona nyuzi zake zimefifia. Akawaza wifi yake, miaka ishirini na miwili, na ua wote ukisikiliza. Mtu haendi karamuni na nyuzi zilizochakaa wakati droo imejaa mpya. Akachagua pakiti bora kuliko zote, akabadilisha zote sita. Zikang'aa kama mvua juani. Akazikaza, akazipatanisha, akapiga, na sauti ikamjaa kifuani. Akatoka nyumbani anatabasamu.

Nyuzi mpya hulegea. Kila mpigaji huzifunga siku kadhaa kabla, zivutike na kuchoka kidogo, ndipo zishike sauti. Mama Miwani alikuwa na nyuzi mpya kwa miaka mitatu, lakini hakuwahi kupiga wimbo mrefu wa kutosha kuligundua hilo. Na mwalimu wake wa kwanza, kaka yake, hakuweza kumfundisha, maana utotoni nyuzi mpya hazikuwahi kuingia nyumbani mwao.

Uani palikuwa na viti vya kukodi, watoto, wajukuu na majirani. Wifi aliketi mbele, kavaa nguo aliyoishona mwenyewe, mikono mapajani. Kaka alisimama kushoto kwa dada yake, kipaza sauti mkono wa kulia, mkono wa pili mfukoni.

"Uko tayari?" dada akanong'ona.

"Siko. Anza."

Akaanza. Kaka akafungua mdomo, na sauti ikatoka na kutu, kisha kutu ikadondoka. *Dirishani ulikaa.* Mtu akapiga kigelegele. "Kuku!" wifi akapaza sauti. "Nilikuwa natazama kuku!" Ua mzima ukaangua kicheko.

Katikati ya ubeti wa pili, Mama Miwani alisikia uzi wa tatu unashuka. Akadhani ni masikio. Ubeti wa tatu uzi wa kwanza nao ukashuka, halafu wa pili, kila mmoja kwa njia yake, kama wageni wanaoondoka bila kuagana. Vidole vilikuwa mahali pake, kila kimoja, lakini wimbo ulikuwa unapinda. Mjukuu mmoja akaziba masikio. Kaka alijaribu kuushusha wimbo ufuate gitaa, lakini angefuata uzi upi? Sauti yake ikayumba. Wifi alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anakaza vidole vyake mapajani.

"Kaka, nimeharibu," dada alisema chini chini. "Nimeweka mpya leo asubuhi."

"Usiache. Piga."

"Zinashuka zote!"

"Piga, nimekwambia! Wewe piga tu."

Akapiga. Na kaka, macho yake kwa mkewe, kipaza sauti bado mkono wa kulia, akautoa mkono wa kushoto mfukoni. Hakuutazama. Aliunyoosha mpaka kichwa cha gitaa, pale penye vishikio vidogo vya kukazia nyuzi, akashika kimoja kwa gumba na kidole cha shahada. Kishikio cha gitaa hakitaki vidole zaidi ya hivyo. Akakizungusha kidogo, wimbo ukiwa unaendelea, na uzi wa tatu ukapanda mpaka mahali pake. Akahamia wa kwanza. Akahamia wa pili. Ujana wake wote alikuwa amezituliza nyaya za breki kwa namna hiyo, wimbo ukiwa mbioni. Sikio halikusahau, na vidole viwili vilikumbuka kazi ya vitano.

Ubeti wa nne ulikuwa umenyooka. Wa tano ukanyooka zaidi. Dada alipiga, kaka alikaza, uzi ukishuka mkono unaufuata kabla hata dada hajausikia. Wifi alikuwa amesimama bila kujua amesimama. Hakutazama mdomo unaoimba, alitazama ule mkono.

Beti sita zikaisha. Ua mzima ukalipuka kwa shangwe. Wifi akaja, akaushika mkono wa kushoto wa mumewe kwa mikono yake yote miwili, akaufuta kwa upindo wa nguo mpya kama mtu anayefuta kioo.

"Kwa hiyo ulinishangaa?" kaka akamwuliza.

"Kidogo," akasema. "Kuku nao walikuwepo."

Baadaye, watu wakila, kaka alivuta kiti karibu na dada. "Mwendawazimu wewe. Nyuzi mpya siku ya karamu! Ndiyo maana nasema nyinyi wa siku hizi mmedekezwa. Magitaa nane! Sisi tulikuwa na moja na tulishukuru."

"Ni kweli, kaka."

Akagusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole. "Lakini zinalia, hizi. Zinalia vizuri." Akatazama kando. "Tungekuwa na hela, dada, tungenunua kumi na sita."

Kesho yake, kabla Mama Miwani hajawasha mashine, simu ililia dukani.

"Dada. Nilikuwa nawaza ule uzi wa tatu. Utakuwa umeshuka tena."

Usiku kucha gitaa la kahawia lilikuwa limepumzika ukutani. Asubuhi alikuwa amelijaribu. Nyuzi zote sita zimetulia tuli.

"Umeshuka vibaya," Mama Miwani alisema. "Sijui hata nifanyeje."

"Usiuguse. Nakuja nikitoka karakana."

"Njoo mapema, kaka. Mengine saba nayo yamelegea."