Sare ya Mama Siku ya Vijana

Nikipiga pasi shati lenye wanga, ule mvuke hunirudisha La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, kwenye chumba chetu cha kupanga.

Ilikuwa Siku ya Vijana, ambayo hata watu wazima wa Johannesburg huvaa sare za shule kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu. Mama alijishonea shati jeupe na sketi ya buluu, kama za kwao Bukavu, Kongo, ambako vita vilimtoa darasani akiwa na umri wangu wa wakati ule. Alikwenda saluni hivyohivyo, akasuka watu kutwa, na baridi yote ile ya mwezi wa sita akakataa koti, lisije likaficha sare.

Jioni nikamwambia, "Mama, vua basi, siku imeisha."

"Bado. Mwalimu wenu si anaita majina asubuhi? Na miye uniite."

Nikacheka, nikashika mwiko kama fimbo, nikaita jina lake lenyewe, ambalo sikuwahi kulitamka.

Mama akaruka kutoka kitandani, akasimama wima, mikono ubavuni. "Présente, mwalimu!"

Ilikuwa sauti ya msichana wa rika langu. Sikuwa na moyo wa kumwambia akae.