Namba Iliyo Chini ya Skana

Mkinicheka nitawaelewa, maana hata mke wangu, aliyeapa kanisani kunistahi, bado anacheka akikumbuka siku ile niliyosimama barabarani hapa Kolwezi nimeficha uso nyuma ya kompyuta, watu wananizomea, na mama mkwe anakuja moja kwa moja upande wangu.

Yote yalianza na neno moja: nitafanya. Mama mkwe alikuwa anaandaa kutoa matanga, yaani kumaliza maombolezo ya marehemu mume wake, na kwetu (sisi ni watu wa asili ya Kasai, mababu waliletwa huku kufanya kazi mgodini) siku hiyo picha kubwa ya marehemu lazima isimame chini ya hema ndugu wote waione. Lakini ilibaki picha moja tu, ndogo kama kidole gumba, kwa sababu walipokuwa wakikaa mtaa wa Kasulo jirani alichimba kobalti chini ya nyumba yake mpaka akafika chini ya chumba chao, sakafu ikazama na albamu zote zikaenda nayo. Shemeji yangu, wa kampuni ya mgodi, mwenye saa ya kung'aa, akasema ataipeleka studio ikakuzwe. Mimi nikadakia, hapana, leteni kwangu, mimi nina kompyuta, nitafanya.

Kompyuta yangu inatumia mfumo huria, ule wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha, na huwa nausifu mpaka watu wanahama meza. Nilichokuwa sisemi ni kwamba skana nyingi, zile mashine bapa zenye kioo na kifuniko za kuingizia picha kwenye kompyuta, hazisikilizani nao. Ya kwanza niliinunua sokoni, mtumba uliotoka Dilolo, kule mpakani. Muuzaji akaichomeka kwenye umeme, taa ikatembea chini ya kioo, nikaridhika (kama mtu anayenunua gari kwa sababu taa zinawaka). Nyumbani kompyuta haikuiona kabisa. Nikazama mtandaoni, nikagundua kwamba siri yote ni namba iliyoandikwa chini ya tumbo la mashine: hii inakubali, hii inakataa, hata kama kwa sura ni mapacha. Usingizi ukanipotea. Simu ingetosha kuipiga ile picha, najua, mke wangu aliniambia, lakini nilikuwa nimeshajitapa mbele ya shemeji.

Basi asubuhi ya matanga yenyewe nikavaa shati jeupe na tai, picha mfukoni, kompyuta kwapani, nikaanza kuzunguka sekretaria, yale maduka madogo ya kuchapa na kutoa fotokopi, naingia hili natoka lile, naomba kupindua skana yao nisome namba ya chini. Sasa fikirieni wenyewe: mtu wa tai, hamumjui, anapindua mashine zenu na kusoma namba. Mimi nilishangaa tu kuona kila ninakoelekea milango inafungwa kabla sijafika.

Mwenye duka la mwisho, mama mmoja, alikuwa hajapata habari. Namba ilikuwa yenyewe! Nikalaza picha kwenye kioo, nikafunika, nikaunganisha waya, kompyuta ikaitika, taa ikaanza kutembea, na mimi nikaanza kuimba wimbo wa kwaya. Hapo hapo umeme ukakatika. Na hapo hapo simu ya yule mama ikalia, akasikiliza, akaitazama tai yangu, akaitazama kompyuta.

"Tata, tunafunga," akasema, kwa heshima kama anaongea na baba, akachomoa waya wangu, akanisukuma nje kwa upole na kujifungia ndani.

Niliposikia kufuli ndipo nilipokumbuka picha iko wapi. Nikagonga.

"Mama, fungula. Kitu yangu imebakia mule."

"Takse tulisha kulipa," akajibu toka ndani. Kumbe siku nzima walinidhani mtu wa kodi!

"Mi hapana mutu ya takse, mama. Ni picha ya tata mukwe."

"Bote banasemaka vile."

Kadiri nilivyogonga ndivyo waendesha pikipiki walivyojaa, mmoja akitangaza kwamba ndiye huyu anayesumbua bamama toka asubuhi, wakaanza kunizomea. Ndipo nikamwona mama mkwe na dada yake, wanatoka sokoni, mabeseni kichwani. Sasa kwetu mwanaume hasimami karibu na mama mkwe wala haongei naye uso kwa uso. Ukimwona njiani unapisha. Nyuma yangu mlango, mbele pikipiki, nitapisha wapi? Nikainua kompyuta nikajifunika.

"Muulize ule," mama mkwe akamwambia dada yake, macho pembeni, "anafanya nini hapa, na bageni bamesha kuya?"

Nikamweleza dada, dada akamweleza mama, ambaye alikuwa amesikia yote mara ya kwanza. Nilitamani ile sakafu ya Kasulo inimeze na mimi.

Mama mkwe akatua beseni, akaja mlangoni mpaka bega lake likawa karibu na langu.

"Mama, fungula. Hapana mutu ya takse. Ni mukwe yangu, ni kichwa yake tu iko nguvu kama jiwe."

Mlango ukafunguliwa. Akainua kifuniko yeye mwenyewe, akaitoa picha, akaipangusa kwa pembe ya kitenge. Kisha akanigeukia mimi, uso kwa uso, mara ya kwanza tangu nioe kwake.

"Mutoto, mi sikukuombaka mashini. Nilikuombaka sura ya bwana yangu."

Zomeazomea yote ile haikuniuma kama maneno hayo.

Hemani shemeji akatoa simu, akaipiga ile picha ndogo, akaituma studio yenye jenereta, pikipiki ikaileta, na kabla hajamaliza soda yake tata mkwe alikuwa amesimama mbele yetu, mkubwa, safi kabisa. Mimi nilikaa nyuma na wapishi.

Mfumo wangu bado naupenda, msinitoe huko. Lakini nimeapa: kitu cha mtu ambacho kipo kimoja tu duniani, sikidakii tena kabla sijaiona mashine ikifanya kazi mbele ya macho yangu. Skana ya Dilolo bado ipo nyumbani, mke wangu anapangia nyanya juu ya kioo chake. Mama mkwe akija kutusalimia anaitazama kwanza, halafu anamgeukia binti yake, na mimi nipo hapo hapo nasikia: "Muulize ule, leo anavaa tena tai?"