Mablanketi Yalibaki Chumbani

Blanketi jipya likitolewa kwenye mfuko wake wa plastiki hutoa harufu ya rangi ya mafuta na ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Hadi leo nikiinusa, kifua hubana kabla sijajua ninakumbuka nini.

Nilikuwa na miaka kumi. Mimi na mama tuliishi Berea, Johannesburg, katika chumba kimoja cha ghorofa ya saba. Mama alikuwa akinunua mablanketi mazito, yale yenye picha za chui na mawaridi, na kuyatuma kwetu Bukavu kuuzwa, mengine akiyauza hapohapo chumbani. Yakisubiri lori, yalikaa nasi: chini ya kitanda chake, juu ya kabati, na marobota manne ukutani ndiyo yaliyokuwa kitanda changu. Nililala juu kama malkia. Baridi ilipoanza, mama alibandika utepe kwenye nyufa za dirisha, akaanika nguo ndani, akachemsha maharage kutwa nzima. Nje hewa ilikuwa kavu hadi midomo ilipasuka. Ndani, kioo kilitiririka maji. Nami niliamka kila asubuhi nikipiga chafya, kifua kikilia kama filimbi.

Kliniki, nesi alizungumza Kiingereza, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa mama, kama nilivyokuwa shuleni na kwa mwenye nyumba. Kazi hiyo niliifanya kwa fahari. Sikuongeza neno, sikupunguza.

Nesi alisema ninasumbuliwa na wadudu wadogo mno, wanaoishi kwenye vumbi la vitu vya kulalia na kustawi penye joto na unyevu.

"Wadudu?" Mama alikaza kitenge chake. "Mwambie kwangu hakuna kunguni!"

"Si kunguni, mama," nilimweleza. "Hawa hawaonekani."

"Hawaonekani? Basi yeye aliwaonea wapi?"

"Eish, mama," nesi alicheka, bila kungoja tafsiri. Kisha akaeleza taratibu: ama mablanketi yaondoke na dirisha lifunguliwe kila siku, ama mtoto alale kwingine mpaka baridi iishe. Nilitafsiri yote mawili.

"Bon," mama akasema, akinishika kichwa. "Yataondoka."

Jumamosi alinipeleka Kensington kwa mdogo wake, mama mdogo Solange. "Siku mbili tu," aliniambia ndani ya teksi, "wakati ninayaondoa." Nilikuwa nimefunga magauni mawili.

Chumba nilichoonyeshwa kilikuwa na sakafu ya mbao tupu, bila zulia, bila pazia zito. Chini ya shuka, godoro lilikuwa limevishwa plastiki. Kando ya kitanda kulikuwa na ndara mpya za kitoto, na mama mdogo hakuwa na mtoto. Nikazijaribu. Zilinitosha barabara. Mgeni wa siku mbili hanunuliwi ndara. Nilipokimbilia sebuleni kuuliza, mama alikuwa ameshatoka getini.

Nilikaa mpaka Septemba. Kifua kilitulia ndani ya wiki mbili, jambo lililoniudhi sana, kwa sababu lilionyesha kwamba mama alikuwa sahihi. Kila alipopiga simu nilimwuliza kama mablanketi yameondoka. "Bado kidogo, mama yangu," alijibu, na nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamke ikiuliza kama lile la chui lipo la bluu.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mablanketi yale ndiyo yaliyotulisha, na kwamba hayakuwa na pa kwenda. Mimi nilikuwa napo. Mwaka jana, tukipika pamoja, nilimwuliza kwa nini alisema siku mbili.

"Ningekuambia miezi mitatu, ungepanda teksi?"

"Nisingepanda."

"Sasa?" akasema, akaendelea kukata sombe, yale majani ya muhogo.

Uamuzi wake nimeuelewa. Huenda hata mimi ningefanya vilevile. Uongo wake ndio bado unanikwaza. Siku ile kliniki nilikuwa na sentensi moja mdomoni, ile ya mtoto kulala kwingine, ambayo ningeweza kuimeza nikabaki nyumbani, na yeye asingejua kamwe. Nilimpa yote.