Restuta na Wagonjwa Wasiolalamika

Saa mbili asubuhi, Jumanne. Mwandishi wa makala haya ameketi kwenye kibaraza cha zahanati moja jirani na Miteja, wilayani Kilwa, akisikiliza vijana na wazee wakieleza maumivu yao ya muda mrefu. Jambo kubwa linampita: anadhani wazee ndio wenye nafuu.

"Dada Restuta, mgongo unaniua," analalamika Ambrosi, dereva wa bodaboda mwenye miaka ishirini na sita. "Maumivu niandikie kumi kwa kumi. Mgongo huu utapona lini?"

Anayefuata ni Bi Mboni, mkulima wa ufuta, miaka sabini na mmoja. Magoti yanamsumbua mwaka wa nne sasa.

"Shikamoo, Bi Mboni. Umeamkaje?" Restuta anamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, alhamdulillahi." Kisha anamgeukia Ambrosi. "Wewe mume wangu, kwa kiuno hicho utanibeba vipi?"

"Bibi, nitakubeba kwa pikipiki. Mgongoni, hapana!"

Kibaraza kinaangua kicheko. Restuta Erasmo, mhudumu wa mazoezi tiba, naye anacheka, kisha anashusha sauti. "Hilo 'sijambo' la Bi Mboni ndilo lililonipotosha."

Kundi lake la mazoezi, la kila Jumanne, lina nafasi kumi na mbili tu. Mwaka jana alizigawa kwa kufuata majibu ya wagonjwa kuhusu maumivu yao. "Kila wiki nilimwamkia, akasema hajambo, nami nikaandika: hana maumivu. Hatimaye nafasi yake nikampa kijana."

Bi Mboni aliondoka bila kinyongo. Baada ya miezi miwili jirani yake, Esha, alikuja kuchukua dawa, akamkabili Restuta.

"Ulimsalimia, hukumuuliza! Mtu mzima ajibu salamu kwa malalamiko? Shamba limemezwa na majani, na wanawe wanataka kumhamishia Lindi mjini. Hataki!"

Jioni hiyo Restuta alikwenda kumwomba radhi. Alimkuta akipalilia amekaa chini, akijiburuta kutoka shina hadi shina.

"Kijana huuliza maumivu yataisha lini, kwa kuwa ana miaka mingi mbele yake," anasema Restuta. "Mzee ameshayazoea. Anachohofia ni kuiacha kazi yake. Mimi nilidhani ukimya ni nafuu."

Sasa, salamu zikiisha, huanza upya kwa kuuliza kuhusu kazi.

"Ufuta umepalilia mpaka wapi, Bi Mboni?"

"Nilivuka mkorosho, mwanangu. Kwenye kichuguu goti likagoma."

Restuta anaandika: mkorosho, kichuguu, ili wiki ijayo aone kama goti limefika mbali zaidi. Kisha anampangia mazoezi ya wiki.

Anakusudia kuomba siku ya pili, Alhamisi, ili mgonjwa mmoja asimpokonye mwingine nafasi. Ambrosi ameahidi kuwaleta wazee wa mbali, ingawa Bi Mboni anasisitiza kwamba yeye hataki wake wenza.

Tangu Januari, wazee watano walioondolewa kwa kosa hilohilo wamerudishwa kundini. Kufikia mwisho wa msimu, Bi Mboni alikuwa amepalilia shamba lake lote akiwa amesimama, na wanawe walikuwa wameacha kuzungumzia kumhamisha.