Boti ya Harusi Iliyokwama Hatua Arobaini Kabla ya Kentucky

Niliwahi kukwama na boti juu ya lami, na maji yaliyokuwa karibu zaidi ni yale ya kwenye kahawa ya askari.

Humohumo kwenye boti nililia. Mtu wa miaka sitini na mbili.

Sikia.

Naitwa Odell, wa jimbo la Tennessee, Marekani. Shemeji yangu, mume wa dada, alijenga boti ghalani kwake kwa miaka kumi na moja. Ilipokamilika ilikuwa na upana wa futi kumi na mbili. Kuitoa, ukuta ukabomolewa.

Mwaka uliofuata akafariki. Boti haijawahi kugusa maji.

Binti yake, Maribeth, akaapa. "Mjomba, nitaolewa juu ya boti ya baba."

Harusi ikapangwa Jumamosi saa kumi jioni, kwenye ziwa moja huko Kentucky, jimbo la jirani. Kuivuta boti nikapewa mimi.

Barabarani, mzigo ukizidi upana wa futi nane na nusu lazima uuombee kibali. Nikaomba, nikapewa. Nikafunga bendera nyekundu kila kona, bango la MZIGO MPANA nyuma, gari lenye taa ya manjano likatangulia. Najiona waziri!

Bwana harusi, Garrick, ni jamaa wa ofisi ya bima. Anapiga pasi mpaka soksi. Kabla sijaondoka akanijia na faili kwapani.

"Mzee Odell, umesoma kibali chote? Mpaka maandishi madogo?"

"Kijana, nimevuta matrekta wewe ukivuta kamasi."

"Haya. Karatasi zangu ziko humu tangu mwezi uliopita." Akalipiga faili lake kofi.

Mimi na gari la taa tukafika mpakani saa nane mchana. Hatua arobaini kabla ya bango la Kentucky kuna duka la fataki. Nikasimama ninunue za kunogesha harusi.

Kiherehere changu hicho.

Maana askari wa barabarani wa Kentucky, mama mmoja wa makamo, alikuwa amevuka kufuata kahawa. Akaizunguka boti, akaigongagonga ubavu.

"Boti nzuri, baba. Kibali?"

Nikamkabidhi kwa madaha.

"Hiki cha Tennessee. Cha Kentucky kiko wapi?"

"Afande, boti ni ileile! Haitanenepa ikivuka bango."

Hakucheka.

"Kila jimbo na kibali chake. Hapa ulipo sikugusi. Tairi likivuka pale, tutaongea lugha nyingine."

"Naombea wapi saa hizi?"

"Jumatatu, ofisi ikifunguliwa."

Imekula kwangu.

Nikapiga simu ziwani. Kabla saa nzima haijaisha, wageni wote wako kwenye maegesho ya duka la fataki. Mashangazi na viatu vyao virefu, mchungaji anavuja jasho, keki kwenye buti la gari.

Maribeth akashuka na shela lake. Akaitazama boti, akalitazama bango, akanitazama mimi. Bora angenizaba kibao.

"Si nilikuuliza?" Garrick akanivaa. "Maandishi madogo, Mzee! Mtu mzima na ndevu zako!"

Siku nyingine ningemjibu. Siku hiyo nikajishughulisha na kukaza kamba za boti.

"Turudi ziwani," akasema. "Tutafungia ndoa ufukweni. Boti itakuja Jumatatu."

"Bila boti ya baba?" Maribeth akauliza.

"Mpenzi, keki inayeyuka."

Maribeth akauweka mkono kwenye ubao wa boti, pale baba yake alipochonga jina la bintiye. Kisha akajifuta macho.

"Sawa. Twendeni."

Hapo ndipo nilipopanda ngazi, nikajikunja ndani ya boti, nikalia.

Nikiwa humo nikamsikia mchungaji. "Garrick, kabla hatujaondoka, hebu nikione kibali cha ndoa."

Faili likafunguliwa. Nikasikia karatasi ikigeuzwa mara mbili.

"Afande," mchungaji akaita, "njoo unisaidie macho."

Yule mama akasoma. Akaanza kucheka mpaka kahawa ikamwagika.

"Bwana harusi, hiki umekichukua wapi?"

"Kaunti ya kwetu. Tennessee."

"Na ndoa mnafungia?"

"Kentucky."

"Basi kule mngekula keki tu. Hiki kinafunga ndoa ndani ya Tennessee peke yake."

"Lakini Afande, sisi ni walewale!"

Nikachungulia juu ya ubavu wa boti, macho mekundu.

"Hawatanenepa wakivuka bango!"

Mashangazi wakaangua kicheko. Garrick akageuka rangi ya bendera zangu.

Maribeth peke yake hakucheka. "Afande," akauliza polepole, "Tennessee inaishia wapi?"

Askari akanyoosha kidole kwenye bango. "Pale."

"Na boti?"

"Boti iko Tennessee, mwanangu. Yote."

Saa kumi kamili wakaoana juu ya boti ya shemeji yangu, kwenye maegesho. Mwenye duka alitukataza kuwasha fataki karibu na mali yake, tukapiga honi. Afande akalia kuliko mama wa bibi harusi.

Kwa hiyo ningekuwa na kibali cha Kentucky, mpwa wangu angerudi kutoka ziwani hajaolewa. Garrick hapendi nikisema hivyo. Nasema kila Krismasi.

Nawe unayesoma hapa: ukivuta mzigo mpana, uliza kila jimbo utakalopita, siyo la kwenu tu.

Na ukienda kuoa, uliza vilevile.